Kichaka cha Mama Upendo

"Kama si kichaka, ni nini basi? Au ndivyo mlivyolelewa huko mlimani Vugiri, kwamba na fisi naye apewe chumba?"

Zamda aliyasema hayo akiwa upande wake wa njia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ufagio wa chelewa, na sauti yake ilikuwa ile anayoitoa akitaka nyumba ya nne isikie bila kualikwa. Upande wa pili Asnath, ambaye Kwamsisi nzima inamwita Mama Upendo, alikuwa akipepeta kunde. Hakuinua kichwa. Alisema tu kwamba fisi anaowajua yeye wanakaa kwenye nyua zilizofagiwa, na wengine wanafuga mbuzi.

Ugomvi ulikuwa umeanza na hao mbuzi, ukapitia kwa jogoo, ukagusa mambo ya kwaya ya alfajiri, na sasa ulikuwa umefika kwenye ua, ule uzio wa miti. Ua wa Mama Upendo haukuwa ua ambao mtu anaweza kuutetea mbele ya wageni. Watu wenye akili zao wanapanda minyaa ikasimama mstari kama wanafunzi. Mama Upendo na mumewe Elisha, mchuuzi wa machungwa ambaye nyumbani anakuja kubadilisha shati tu, walipohamia pale walilima katikati ya kiwanja, na kile kilichokuwa kimeota pembeni tangu enzi za mababu wakakiacha kama kilivyo: mikwamba, mvurugano wa miba na vitambaazi, na midaa mifupi yenye majani ya kijani iliyofifia. Mbuzi wa Zamda hawakupenya hata siku moja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza la ua ule.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Shamimu, binti wa Zamda, alikuwa amechumbiwa, na wakwe watatoka Korogwe mjini, watu wa nyumba za vigae na mapazia ya kufunguka katikati. Watapita njia ile ile. Mkono wa kulia wataona uwanja wa Zamda, uliofagiwa mpaka kuku wanateleza. Mkono wa kushoto wataona pori. Zamda alikuwa amelilia ndoa hiyo kuliko bibi harusi mwenyewe, na hakuwa tayari mama mkwe wa watu ashuke garini akamuulize kama huku bado kuna simba.

Kwa hiyo alikwenda kwa Awadhi, mwenyekiti wa kitongoji, na mkutano ulipokaa akasimama na kusema kuna nyoka ametoka kwenye kichaka cha Mama Upendo na kuvuka njia. Nyoka huyo hakuonwa na mtu mwingine, na kila alipohadithiwa alirefuka kidogo, mpaka mwisho kichwa kilikuwa kwa Zamda na mkia kwa Mama Upendo bado. Awadhi anachukia mikutano mirefu kuliko nyoka wa aina yoyote. Aliamua papo hapo kwamba ifikapo Jumamosi kichaka kiwe kimeng'olewa, tena na mizizi yake. Mama Upendo hakubisha. Aliuliza tu kama hiyo ndiyo amri ya kitongoji, akaambiwa ndiyo, akafunga khanga yake vizuri na kwenda zake. Zamda alitangaza barazani kwake kwamba Washambaa ndivyo walivyo, ukiwafokea kidogo wanalainika kama ndizi iliyopigwa jua. Baraza ilicheka. Baraza ya Zamda haikosi watu, kwa sababu chai ipo na habari zipo, na anayekosekana ndiye anayesemwa.

Sasa mkeka.

Katika ukoo wa Zamda, mama wa bibi harusi hanunui mkeka. Anausuka mwenyewe, utepe kwa utepe, kila ukili kwa mkono wake, akaushona, na siku ya siku unatandikwa mbele ya wanawake wa upande wa pili. Wanaukalia, wanauvuta, wanageuza pindo, wanachungulia mshono. Wanachokitafuta hasa ni weusi. Mkeka wa harusi lazima uwe na michirizi myeusi, na weusi huo uwe wa kweli, wa mizizi ya mdaa, usiofifia wala kuachia. Mama yake Zamda alimsukia yeye mkeka ambao mpaka leo una weusi wa chungu cha zamani, na mume mwenyewe alishafifia.

Zamda alikuwa fundi. Hilo hata adui zake wanalikubali, wakisha kuangalia nyuma. Ila fundi bila ukindu, makuti ya mkindu yaliyopasuliwa ya kusukia, ni mdomo tu. Mikindu ya kijito cha Kwamsisi ilikuwa imekwisha miaka mingi, na ukimuuliza Zamda atakuambia iliuawa na kiangazi. Kiangazi hicho kilikuwa kinakuja na visu, kinakata kuti changa, kinakata na la pili, halafu kinachimbua kiini chenyewe ili kisimwachie mwenzake kitu. Tangu hapo wasukaji wa Kwamsisi walikuwa wanaagiza ukindu kutoka Kerenge, bonde la Lwengera, na mwaka huu kila aliyeagizwa alirudi mikono mitupu, akisema huko kumefungwa.

"Kumefungwa nini, kwani ni duka?" Zamda alisema, na akapanda bodaboda mwenyewe mpaka Mkata, akadaka basi la Korogwe, na kutoka hapo gari la kwenda Kerenge, akiwa amejifunga khanga mpya ili watu wa bondeni waone mtu kaingia.

Watu wa bondeni aliwadharau tangu utotoni, na kwa sababu nzuri. Kwanza wanakula wali mpaka kwenye msiba wa paka. Pili wanasuka kana kwamba wanazuia kuku. Alielekezwa kwa Bi Tatu, mkuu wa wasukaji wa Kerenge, akamkuta kibibi kikavu kama ukuni wa mkwaju, kimekaa kwenye kigoda, na nyuma yake mafungu ya ukindu yametandazwa juani, marefu, meupe. Vidole vya Zamda viliwasha. Ukindu kama ule alikuwa hajauona tangu amnyonyeshe Shamimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa Handeni?"

"Kwamsisi."

"Nimejua kwa khanga," Bi Tatu alisema, na haikueleweka ni sifa au ni nini.

Kando ya ukuta palikuwa na mikeka imekunjwa, na Zamda, ambaye hajawahi kuuona mkeka wa mtu bila kuukagua, aliuvuta mmoja pembe. Ukili ulikuwa umelegea, kama alivyotarajia. Lakini rangi ndiyo iliyomshinda. Pale palipotakiwa kuwa peusi palikuwa na zambarau, na zambarau hiyo ilikuwa imetambaa kwenye weupe kama uvumi. Aliuliza kulikoni. Bi Tatu alimweleza bila kupepesa macho kwamba mdaa uliwaishia, wakatumia rangi ya unga ya dukani, na siku ya maulidi manyunyu yakapenya turubai, na masheikh walipoinuka kwa kisimamo, kanzu zao nyeupe zote zilikuwa na makalio ya zambarau. Na mgeni wa heshima kutoka Tanga akiwemo.

Zamda alicheka. Alijaribu kukifanya kikohozi, kikakataa, akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Tatu alimtazama kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Umemaliza? Sasa nikuambie kwa nini hutoki hapa na ukindu hata wa kusukia pepeo la jiko."

Akamchukua mpaka mtoni. Zamda alimfuata akiwa na uso wa mtu anayepelekwa kuonyeshwa mjukuu mbaya. Upande wa juu wa mto kulikuwa na visiki vya mikindu, vyeusi, vimeoza vichwa, na pale palipokuwa na visiki ukingo ulikuwa umemeguka na kuingia ndani ya shamba la mpunga la watu, ukaacha ukuta wa udongo uliosimama wima kama keki iliyokatwa. Huko, Bi Tatu alisema, ndiko walikokuwa wanakata watu wa kwenu, na watu wa kwetu pia wakiwaonyesha njia. Upande wa chini mikindu ilikuwa imerudi, vichaka kwa vichaka, machipukizi yamebanana, ukingo umeshikwa imara, na maji yanapita taratibu, mtu unaona mchanga chini. Wanawake walikuwa wanafua. Mmoja alimwita mwenzake waje wamwone Mhandeni anavyotazama ukindu, kama mbwa mbele ya bucha.

Zamda akasema moyoni kwamba kama mambo yenyewe ndiyo haya, kulinda mitende ya porini kama inatolewa mahari, basi bonde hili limekosa kazi. Lakini macho yake yalikuwa yanahesabu makuti.

Bi Tatu alimkumbusha kikao. Ndipo Zamda alipokumbuka. Walikuja watu wenye fulana za picha ya jani, wakakusanya wasukaji shuleni Kwamsisi, kama walivyowakusanya wa huku, na wakasema maneno kuhusu Korogwe na Handeni kushikana mikono: bonde lilinde mkindu, nyika ilinde mdaa, kila upande umpe mwenzake alichokosa, na kila upande uende kuukagua mti wa mwenzake kama uko hai. Zamda alikuwa amekwenda kwa ajili ya pilau. Alikaa mbele, na walipofika kwenye kushikana mikono aliuliza kwa sauti kama na miti itavishana pete. Darasa zima liliangua kicheko. Akala, akawafungashia na wa nyumbani, na kilichosemwa baada ya hapo hakikumhusu.

"Walisema mwenye mdaa hai ndiye anayepewa ukindu," Bi Tatu alimwambia. "Wala haununuliwi. Unaleta mizizi iliyochimbwa upande mmoja tu, mzizi mkuu umeachwa, nami nakuja kuuona mti kwa macho yangu, maana nyinyi watu wa Handeni nawajua."

"Na nyinyi wa huku je?"

"Sisi wa huku mdaa tulichimba mpaka wa mwisho, tukalima mpunga mpaka mlangoni. Nyinyi mkindu mkaukata mpaka kiini. Kwa hiyo tusitiane kiburi, mwanangu. Hapa hakuna mwenye akili."

Zamda hakuwa amezoea kutukanwa kwa hesabu iliyo sawa kwa pande zote. Akasema mdaa kwao umejaa tele, hapo hapo mlangoni kwake, mti mzima uko hai na unacheka. Alikuwa hasemi uongo wala hasemi kweli. Bi Tatu akamtazama, akatafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni, akasema vizuri, atakuja na mafungu yake kesho, Jumamosi, akiuona umesimama anayaacha, na akikuta shimo anarudi nayo.

Zamda aliitikia kwa furaha. Alikuwa ameshafika barabarani, anasubiri gari, ndipo alipokumbuka kwamba Jumamosi ndiyo siku kichaka kinang'olewa na mizizi yake, na midaa ya karibu iliyobaki yote imo humo.

Alimpigia Awadhi kutoka stendi ya Korogwe, kidole sikioni kwa ajili ya makelele ya wapiga debe. Alimwambia lile jambo la kichaka liachwe kwanza. Awadhi aliuliza lile la nyoka? Alisema ndiyo, lile lile. Awadhi akamwambia kwamba amri ya kitongoji haifutwi kwa vocha. Kama alisimama mbele ya watu akamleta nyoka, basi asimame mbele ya watu amwondoe. Halafu, kwa sababu naye ni binadamu na alikuwa amekerwa siku nyingi, akaongeza kwamba amuulize Mama Upendo mwenyewe, si ni jirani yake.

Huo ndio uliokuwa mzigo. Zamda alifika Kwamsisi jua linazama, akasimama kwenye njia katikati ya nyumba mbili. Angeweza kuvuka. Ni hatua ambazo mbuzi anazivuka bila kufikiri. Lakini kuvuka kwenda kumwomba Mshambaa yule, mwenye kupepeta kunde bila kuinua kichwa, aache kung'oa kile ambacho yeye mwenyewe alisimama mbele ya kitongoji akitaka king'olewe? Alijiambia asubuhi ina heri yake, akaingia ndani, akalala kitanda kimoja na kiburi chake, na kiburi kikavuta shuka lote.

Asubuhi ya Jumamosi watu walikuwepo mapema kuliko jua. Habari ya bure haihitaji tarumbeta. Walikuja na vikombe vyao vya chai, wengine na watoto mgongoni, wakajipanga kando ya njia kama wanangoja gari la mwenge. Mama Upendo alikuwa kazini tangu juzi, na kazi yake ilikuwa safi: mikwamba yote imelala chini, vitambaazi vimekusanywa lundo moja, miba imechomwa. Iliyobaki imesimama ilikuwa midaa peke yake, mstari mzima, sasa inaonekana wazi kama watu waliovuliwa kofia. Na yeye alikuwa amesimama mbele ya mdaa wa kwanza, jembe begani, anamngoja mwenyekiti.

Zamda alipoiona midaa bado imesimama roho ilirudi mahali pake. Ilipoona jembe ikatoka tena. Akavuka njia.

"Mama Upendo, hiyo imetosha. Pamependeza sana. Hiyo mingine iache tu."

"Nimeamriwa na mizizi."

"Mimi ndiye niliyeshtaki, na mimi ninasema iache."

"Wewe ulishtaki. Aliyeamuru ni kitongoji." Mama Upendo alishusha jembe begani akalipigapiga chini kulitoa udongo. "Au nimekosea, mwenyekiti? Sisi wa mlimani tunachelewa kuelewa."

Awadhi alikuwa amefika. Aliuliza mlalamikaji ana neno. Zamda akawatazama watu wake wa baraza, wale wale wanaokunywa chai yake, na hakuna aliyekuwa anamwonea huruma. Walikuwa wamekaa mkao wa kula. Alianza kwa mbali. Alisema nyoka ni kiumbe wa Mungu anayehamahama. Alisema tangu miba iondolewe, kwa vyovyote vile nyoka naye ameona aibu akaondoka. Alisema, tena, ukifikiria vizuri, yeye alisema nyoka ametoka upande wa kichaka, hakusema kwenye mdaa, na mdaa si kichaka, mdaa ni mti wenye heshima zake.

"Alikuwepo au hakuwepo?" Awadhi aliuliza.

"Nani?"

"Nyoka, Mama Shamimu."

Watu walishusha vikombe vya chai. Hata kitoto kimoja kilichokuwa kinalia kilinyamaza, nacho kikangoja.

"Hakuwepo," Zamda alisema.

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka shuleni, na aliyecheka zaidi alikuwa yule shoga yake wa chai ya kila siku, Agripina, akiwa ameshika kikombe chenye maua ambacho kilikuwa cha Zamda. Awadhi alifuta amri kwa maneno mawili, akasema nyoka asiyekuwepo asirudi tena kwenye mikutano yake, akaondoka. Mama Upendo hakucheka. Aliegemeza jembe kwenye mti wa mdaa na kumwangalia jirani yake, na macho yake yalikuwa ya mtu anayekagua sahani iliyooshwa vibaya.

"Unafikiri sikujua utaihitaji midaa?" alimwambia, taratibu, watu wakiwa wanaanza kutawanyika. "Nilikuwepo kwenye kile kikao cha shuleni, pilau haikumuuliza mtu kama anasuka. Nilikaa nyuma yako. Wewe ulikuwa unauliza habari za pete, mimi nilikuwa nasikiliza."

"Kwa hiyo ulikuwa unaninyanyasa tu na hilo jembe?"

"Ungechelewa kidogo ningeng'oa. Ua niliuacha kwa ajili ya mbuzi wako, si kwa ajili ya mikeka yako. Mbuzi nitawazuia hata na minyaa."

Ndipo bodaboda ilipoingia njiani. Nyuma ya dereva kulikuwa na Bi Tatu, amekaa upande upande, na nyuma ya Bi Tatu mafungu ya ukindu yamefungwa, yanafagia vumbi kama mkia wa ng'ombe wa Mmasai. Alishuka, hakusalimia mtu mpaka alipofika kwenye midaa. Aliigusa mmoja mmoja. Alichutama, akakwangua udongo kwenye mashina kwa ukucha, akanusa, akakata kijiti akatafuna mpaka midomo ikaingia wekundu. Zamda alimfuata nyuma akieleza hiki na kile, jinsi ulivyotunzwa, jinsi wanavyouheshimu, na Bi Tatu alimwachia aeleze kama unavyoiachia redio.

Kisha akauliza mti ni wa nani.

Zamda alifungua mdomo. Lakini njia yote iliyobaki na watu ilikuwa imegeuka kumtazama, na jembe lilikuwa limeegemea pale pale.

"Wangu," Mama Upendo alisema.

"Huyu alisema uko mlangoni kwake."

"Mlango wake ndio ule. Anauona kila asubuhi. Kuuona si kosa."

Bi Tatu akafungua kamba, akayabeba mafungu ya ukindu na kuyaweka mikononi mwa Mama Upendo, kwa sababu ndivyo walivyopatana, mwenye mdaa hai ndiye mwenye kupewa. Hakumtazama Zamda hata kidogo. Mama Upendo aliyapokea, akayageuza, akayapima kama mtu aliyeletewa mtoto wa mwenzake akiwa hajafungwa nepi. Katika maisha yake alikuwa hajasuka hata kamba ya mbuzi. Bi Tatu aliona hivyo mara moja, akasema Mungu ana mzaha: bonde limepewa ukindu na vidole vya magumegume, Mshambaa amepewa mdaa hajui wa nini, na vidole vyenyewe wamepewa watu wa Handeni pamoja na ule mdomo.

Zamda alikuwa anatazama ukindu. Alikuwa anaona kili zinavyokwenda, nyeupe, nyeusi, nyeupe, na Shamimu ameketi juu yake, na wale wanawake wa Korogwe mjini wanageuza pindo wanatafuta pa kubinulia mdomo na hawapaoni. Alijua kwamba mkeka huo ama unasukwa na ukindu ule uliokuwa mikononi mwa mtu asiyeujua, ama hausukwi. Mkeka wa dukani utatandikwa, na mpaka anaingia kaburini atasemwa kwamba mama aliyejua kuzisema nyua za watu alishindwa kumtandikia mwanawe.

"Jirani," alisema. Neno hilo lilitoka kama mwiba, likiwa na damu kidogo. "Niazime."

"Ukindu hauazimwi. Ukishasukwa unarudije?"

"Basi sema unachotaka."

Mama Upendo alikuwa ameshafikiria, labda tangu siku ya kikao. Mizizi utachimba wewe mwenyewe, alisema, upande wa njia tu, kila mti kidogo, na utafukia kwa mkono. Mbuzi wako watafungwa. Ukisha suka wa Shamimu utasuka mwingine, mweusi vilevile, na huo ni wangu, na utauleta wewe mwenyewe mchana kweupe, usimtume mtoto, upite barazani kwako watu wakiwa wamejaa, useme unampelekea Mama Upendo mkeka. Na mwakani ukitaka ukindu, useme kama unavyosema leo, jirani, bila nyoka.

"Mshambaa wewe una roho ya kutu," Zamda alisema.

"Unachimba au huchimbi?"

Alichimba. Alipiga magoti kwenye vumbi na khanga yake mpya, na Bi Tatu akasimama juu yake akimwelekeza, hapo sogea, huo ni mkubwa uache, nimesema uache, kwani hamna macho huko kwenu? Kila mzizi uliotoka ulikuwa na ganda jeusi na ndani wa manjano, na ukiukwangua unakuachia rangi kwenye vidole ambayo sabuni haiijui. Zamda alilaani kimoyomoyo bonde, mlima, watu wa fulana za jani, na wakwe wa Korogwe ambao walikuwa hawajafanya kosa bado. Lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ilichimba upande mmoja, ikaacha mzizi mkuu, ikarudisha udongo na kuukandamiza, na Bi Tatu, ambaye hakuwa na jambo jema la kusema kuhusu mtu yeyote wa Handeni tangu Uhuru, aliinama akaangalia kwa karibu.

"Huu utaota," alisema hatimaye, akiuambia mti.

Aliomba sehemu yake ya mizizi, akapewa, akaifunga kwenye ncha ya leso. Mwaka huu, alisema, sheikh wa Tanga akija ataondoka na kanzu aliyokuja nayo. Mama Upendo alimwambia asiondoke na njaa, safari ya kurudi bondeni ni ndefu na makande yako jikoni tangu asubuhi, hayana nyama, hayana shaka yoyote, mtu wa dini yake anakula bila kuuliza. Bi Tatu alisema hajawahi kukataa chakula cha mlimani, ingawa wanatia chumvi kama wanaogopa itawaisha. Wakaingia.

Zamda alibaki njiani, magoti meupe kwa vumbi, mikono myeusi, ukindu wa mwanawe ukiwa umeegemezwa ndani ya mlango wa mtu mwingine. Upande wa pili baraza yake ilikuwa imeshajaa, wamejipikia chai wenyewe, na alimsikia Agripina anahadithia jinsi nyoka alivyoulizwa jina. Hakuwa na pa kwenda. Huku anacheka mtu, huku anakula mtu.

Pazia la mlango likafunuliwa. Mama Upendo alikuwa amesimama na jagi la maji na beseni, na uso wake ulikuwa haujabadilika hata kidogo.

"Na wewe umesimama hapo unangoja wakwe?" alisema. "Njoo unawe, uingie ule. Ila usikae kwenye kiti changu na hilo vumbi."